Nionyeshe na kidole

Maneno ya ajenti wa masomo mbele ya mkutano mkuu wa chama, Baraka. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa.



Komite iliniomba niseme kidogo juu ya Kiingereza. Najua wengi mmekuja juu ya nukta ya tatu, ile ya kasha jekundu. Muwe na subira. Nikimaliza Kiingereza tutakuwa tumefika kwenye kasha jekundu bila kubadilisha njia.

Kwa marafiki wa mbali nieleze haraka. Chama chetu kinatembea kama MUSO nyingine za Kivu. Kuna kasha la kijani, tunaweka akiba na kukopeshana. Kuna kasha jekundu, la kusaidiana: ugonjwa, msiba, nyumba kuungua. Na kuna kasha la bluu, humo inaingia pesa ya kutoka nje, yaani ile yenu. Basi.

Sasa watoto. Mwisho wa darasa la sita la sekondari mtoto wa Kongo anafanya mtihani wa Serikali, Egzeta. Siku nne: utamaduni wa jumla, sayansi, lugha, na masomo ya opsyo yake. Siku ya lugha ni Kifaransa na Kiingereza. Mwaka jana baadhi ya wafinalisti wetu walikosa kwa pointi chache tu. Niliketi nao mmoja mmoja, nikawauliza ni siku gani iliwashinda. Hakuna mtoto anayeanguka Egzeta juu ya Kiingereza peke yake, nisidanganye watu. Lakini karibu wote walinipa jibu moja: "Kwa Kiingereza tulijaza tu." Kujaza tu, mnajua maana yake. Mtoto anaangalia majibu yenye namba, anachagua moja kama mtu anayechagua tikiti ya tombola, anasonga mbele.

Na kuanguka siyo aibu ya siku moja. Ni minervali ya mwaka mwingine, ni sare nyingine, ni daftari nyingine. Kwa msichana, mara nyingi ndipo watu wa nyumbani wanaanza kusema, "Si akae tu asaidie mama yake." Tumelisikia neno hilo hapa hapa kwenye chama.

Mwanzoni mimi niliamini tatizo ni maneno. Watoto hawajui maneno ya Kiingereza, basi tuwape maneno. Nikaandika orodha ndefu, nikaipiga fotokopi, nikasema kila wiki kila mtoto ashike maneno 50. Waliyashika. Watoto wetu wana kichwa, msione hivi. Kwenye ripoti yangu niliandika idadi ya maneno, nikapongezwa. Halafu nikawapa habari fupi ya mistari kumi yenye maswali, kama ile ya Egzeta, na matokeo yakawa yale yale. Mtoto anajua neno moja moja, lakini ukimuuliza habari inasema nini, anatazama dari. Miezi mitatu nilikuwa nimewapa matofali bila kuwaonyesha nyumba. Kosa hilo ni langu.

Ndipo nikaanza kutazama wanakosea wapi hasa. Na hapa nikagundua kwamba kila mmoja wetu amerudi na kosa lake kutoka kule alikokimbilia.

Tuanze na watoto waliorudi kutoka Uganda. Tulifikiri hao ndio watatubebea wengine. Kule wamesoma kwa Kiingereza shule ya msingi, na hiyo ina miaka saba, siyo sita kama ya kwetu. Yuko kijana mmoja aliyekulia Nakivale, Kiingereza kinatiririka mdomoni mwake, mimi mwenyewe naona haya kusema mbele yake. Jaribio la kwanza alipata chini ya msichana ambaye hajawahi kutoka Fizi. Nilifikiri nimekosea kusahihisha. Habari ilisema hivi: wanakijiji fulani waliamini kwamba homa inaletwa na kula embe mbichi. Swali: kufuatana na habari hii, wanakijiji walifikiri homa inatoka wapi? Yeye akachagua mbu. Nikamuita. Akaniambia, "Lakini mwalimu, malaria inaletwa na mbu, hata mutoto mudogo anajua." Ni kweli kabisa. Ila swali halikumuuliza daktari. Liliuliza wale wanakijiji wa kwenye karatasi walifikiri nini.

Huyo anajua Kiingereza, na kwa sababu anakijua hasomi. Anapitisha macho juu juu, halafu anajibu na kichwa chake. Tena kule Uganda alizoea kuandika jibu lake mwenyewe, sentensi nzima. Hapa jibu limeshaandikwa, linakungoja katikati ya mengine ya uongo yanayofanana nalo. Na jibu la uongo lililo zuri kuliko yote ni lile ambalo ni kweli katika maisha lakini halimo katika habari.

Waliotoka Lugufu na Nyarugusu, na waliokuwa Burundi, na hawa waliobaki, kosa lao ni lingine. Kambini kule Tanzania tulisoma programu ya Kongo, kwa Kifaransa. Kwa hiyo mtoto akikutana na neno la Kiingereza asilolijua, anakimbilia Kifaransa. Mara nyingi Kifaransa kinamsaidia, tuseme ukweli. Mara nyingine kinamuuza. Niliandika ubaoni: "She attended the meeting after a long journey." Darasa zima likanijibu kwa sauti moja: alingoja mkutano baada ya siku ndefu. Ona ilivyo nzuri! Inaeleweka kabisa, hata mimi ningekubali. Lakini "attend" ya Kiingereza siyo "attendre" ya Kifaransa, ni kuhudhuria. Na "journey" siyo "journée", ni safari. Alihudhuria mkutano baada ya safari ndefu. Hatari iko pale: hakuna kilichowashtua. Wangeona upuuzi wangesimama, lakini waliona habari nzuri, ila ni habari nyingine.

Sasa niwasomee habari moja tuliyoifanyia kazi Jumamosi tatu. Niliitunga mwenyewe, ni ya ziwani kwetu. Kwanza kwa Kiingereza, vumilieni kidogo:

"An old man had two canoes. The long one leaked, so he sold it to his brother. His wife, who had hoped to keep both, would hardly speak to him for a week. However, when the rains came, she was the first to thank him."

Mistari minne. Hata mtoto wa darasa la tatu la sekondari ana maneno hayo karibu yote. Sasa oneni.

Swali la kwanza: "it", yaani kile kilichouzwa, ni nini? Wengine walisema mtumbwi mfupi, wengine mtumbwi tu, basi. Nikawaambia, semeni kwa Kiswahili. Hapa vita ikaanza, na ninyi wazee mtacheka. Mtoto mmoja aliyezaliwa Nyarugusu akasema, "Mzee aliuza mtumbwi." Nusu ya darasa ikaelewa kwamba mzee alinunua! Juu kwetu hapa kuuza ni kununua, na anayetoa kitu apate pesa anauzisha. Kwa Kiswahili cha Tanzania kuuza ni kuuzisha. Tulipoteza robo saa kwa kicheko, lakini sijutii hiyo robo saa. Waliona kwa macho yao kwamba unaweza kudhani umeelewa, na mwenzako naye akadhani ameelewa, na mmoja yuko sokoni ananunua, mwingine anauzisha.

Nikawaambia tena, semeni kwa Kibembe, au kwa Kifuliiru, kila mtu kwa lugha ya nyumbani. Lugha zetu zina faida ambayo wengi hawaioni. Kiingereza kina "it" moja kwa vitu vyote: mtumbwi, jembe, nyumba, kisu. Lugha zetu haziruhusu uvivu huo. Hata Kiswahili kikisemwa vizuri, lazima uchague: akauuza, akaliuza, akaiuza, akakiuza. Huwezi kufungua mdomo kabla hujajua ni kitu gani. Kwa hiyo mtoto akisimulia habari kwa lugha ya mama yake, anajikamata mwenyewe: hii "it" ni nini? Anarudi juu, anatafuta, anapata: ule mrefu.

Upande mwingine lugha zetu zinatuangusha. Kwetu mwanaume ni yeye, mwanamke ni yeye. Kiingereza kinatenga: "he" ni mwanaume, "she" ni mwanamke. Watoto wetu wanaruka herufi ile moja ya mbele kama haipo. Swali: nani alikuwa wa kwanza kushukuru? Wengi walijibu ndugu, juu ndiye aliyepata mtumbwi, anapaswa kushukuru. Akili nzuri, adabu nzuri. Lakini imeandikwa "she". Ni mke.

Swali lingine: "both", yaani vyote viwili, ni akina nani? Kuna mtoto alijibu: mume na shemeji. Mama alitaka kubaki na mume na shemeji yake! Siku hiyo hatukuendelea tena na somo.

Halafu "hardly". Nataka mnisikilize hapa. Watoto wanajua "hard", ngumu, kwa nguvu. Kwa hiyo "would hardly speak to him" wakasema, mke alimsemesha mume kwa ukali wiki nzima. Hapana. "Hardly" ni karibu-si. Karibu asimsemeshe. Alinyamaza, alikuwa anatoa neno moja tu, kama mnavyojua mama akikasirika na hataki majirani wasikie. Maana imegeuka juu chini. Maneno madogo kama hayo ndiyo yanayoua: "hardly", "not", "never", "except", "however", "unless". Sasa tunawaambia, kabla ya kujibu lolote, weka mviringo juu ya haya maneno madogo popote unapoyaona, ndani ya habari na ndani ya swali pia. Kuna swali linauliza "yote haya ni kweli isipokuwa lipi?", na mtoto anachagua la kwanza lililo kweli, anafurahi, anaenda mbele.

Swali la mwisho lilikuwa mtego wangu. Kwa nini mke alishukuru? Majibu: juu mtumbwi ulizama, juu ndugu alilipa vizuri, juu mvua ilikuwa nyingi, habari haisemi. Kijana wetu wa Nakivale akachagua mtumbwi ulizama, na akaeleza kwa Kiingereza kizuri sana: mtumbwi ule unavuja, mvua zimekuja, mawimbi, bila shaka umezama, mke anashukuru kwamba siyo mume wake aliyekuwa ndani. Na ndugu je, alikufa? nikamuuliza. Akashtuka. Nikamwambia kitu kimoja tu: "Nionyeshe na kidole. Mstari gani umesema umezama?" Akapitisha kidole chake kutoka juu mpaka chini. Akarudi tena juu. Akasema polepole, "Hakuna, mwalimu." Habari haisemi.

Tangu siku ile hiyo ndiyo sheria ya darasa. Kila jibu lina mahali pake kwenye habari. Ukijibu, weka kidole. Kama kidole hakina pa kutua, jibu lako limetoka kichwani mwako, au limetoka kwenye Kifaransa, au umeota. Mengine tunayofanya ni ya kawaida: wasome maswali kwanza, ili waingie ndani ya habari wakijua wanatafuta nini, wasikae dakika kumi juu ya neno moja gumu. Sitapoteza muda wenu kwa hayo.

Ninalotaka mlishike ni hili lingine. Kuna mama hapa, ameketi upande ule, anauza ndagala sokoni, sitamtaja. Binti yake ni mmoja wa walioanguka mwaka jana. Alinijia akisema, "Mwalimu, mimi sikusoma hata Kiswahili. Nitamusaidia namna gani huyu mutoto kwa Kiingereza?" Nikamwambia, mama, wewe ndiwe mwalimu mzuri kuliko mimi, kwa sababu hautashawishika kumpa jibu. Jioni, mwambie akusomee ile habari fupi, halafu akusimulie kwa Kibembe. Halafu akusomee swali na jibu alilochagua. Wewe sema neno moja tu: "Iko wapi? Nionyeshe na kidole." Akionyesha haraka, sawa. Kidole kikianza kutembea-tembea, mwambie arudie.

Alifanya hivyo, akisafisha ndagala zake. Wiki mbili baadaye binti akaniambia, "Mwalimu, mama yangu ni mubaya kukushinda." Anasema mama anajua akidanganya hata bila kujua Kiingereza, anaangalia kidole tu. Na kwenye kusimulia mama anakatiza: "Ngoja, umesema yeye, yeye nani? Yule muke ao yule muzee?" Hilo ndilo swali lenyewe la Egzeta, linaulizwa na mtu ambaye hajawahi kuingia darasani. Binti huyo sasa anarudia darasa la sita. Sijui atapata nini, mtihani haujafika. Ninajua tu kwamba hajazi tena. Kwenye habari ya mwisho niliyompa alikosa maswali mawili kati ya kumi, na yote mawili alijua kunieleza kwa nini alikosa.

Sasa nukta ya tatu.

Kuna watu wamepita nyumba kwa nyumba wakisema kila mzazi atoe pesa ya kusindikiza watoto, na kwamba chama kiongeze kutoka kasha jekundu. Wanasema bila hiyo mtoto hapiti. Sitataja mtu, na sitasema ninyi wazazi mna kosa. Mzazi aliyelipa minervali miaka sita, mwaka wa mwisho anaogopa, na mwenye woga anatoa pesa. Mimi pia ningeogopa. Lakini niwaambie nilichoona mwaka jana kwa watoto wetu wenyewe. Familia kadhaa zilitoa. Siku ya lugha namba zikaja kwenye simu: swali la kwanza jibu mbili, swali la pili jibu nne. Watoto wakaziandika. Lakini mtihani unatolewa kwa seri mbalimbali. Karatasi ya mtoto huyu na ya jirani yake hazipangwi sawa. Namba za seri nyingine ni sawa na kujaza tu, tofauti ni kwamba hii umeilipia. Walionieleza haya ni watoto wenyewe, na wawili kati yao wamo kati ya walioanguka. Pesa haikurudi. Utaenda kuidai wapi?

Na vile vijitabu vya mitihani ya zamani vinavyouzishwa sokoni, mnunue kama mnataka, vina habari nzuri za kufanyia mazoezi. Ila majibu yaliyopigwa alama humo, mengine ni ya uongo, nimeyahakikisha. Na kuna watoto wanashika namba kwa kichwa: mwaka fulani, swali la nne, jibu mbili. Habari hiyo haitarudi tena.

Kasha jekundu ni la msiba na ugonjwa. Mvua zikianza, kipindupindu hakitauliza tumesindikiza nani. Mama akizidiwa usiku, pikipiki ya kumpeleka hospitali inalipwa na kasha lile. Ninawaomba lisiguswe.

Ninachoomba ni kidogo, na ninakiomba kwenye kasha la bluu, kwa hiyo marafiki wa mbali wanisikie pia: fotokopi za habari fupi, mbili kwa wiki kwa kila mfinalisti mpaka mtihani, taa moja ya sola kwa wale wanaosoma jioni nyuma ya ofisi, na kama inawezekana, kamusi mbili za Kiingereza na Kifaransa, siyo vitabu vikubwa. Bei nimezitoa kwa mweka hazina kwenye karatasi, aliyetaka aziangalie. Mimi silipwi na chama kwa darasa hili, na ONG ninayofanyia kazi imeshanipa ruhusa ya Jumamosi.

Vijana wa darasa la tano nao waje, wasingoje mwaka wa mwisho. Na kijana wetu wa Nakivale amekubali kuwasomea wenzake habari kwa sauti, wasikie Kiingereza kinavyotembea, na wao wanamlipa kwa kumsahihisha Kifaransa chake, ambacho, tuombe Mungu, bado kinahitaji kazi.

Ni Jumamosi saa nane, nyuma ya ofisi. Mzazi anayetaka kujaribu nyumbani, sekretari ana karatasi za ile habari ya mzee na mitumbwi yake, bila majibu. Usimuulize majibu, hana; nilimnyima makusudi.

Bwana prezida, nakurudishia neno.